Bihogo, Kifaa Namba 41

Mabawe, Ngara
12 Juni 1995

Mpendwa Mjomba Emilian,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Biharamulo, wewe, mama Wiston na Wiston mwenyewe. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, kifua kimemwachia tangu mvua zikatike. Migomba imezaa vizuri. Ng'ombe wako Bihogo, uliyetuachia tumtunze ulipohamia mjini, amenenepa mpaka majirani wanamuuliza mama anamlisha nini.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako kuandika. Nimepata kazi, mjomba. Kuna shirika linalopeleka maji kwa wakimbizi kambini, limejenga yadi yake hapa kwetu kando ya barabara. Walikuja kijijini wakauliza nani anajua kupuliza rangi kwa mashine. Nikanyoosha mkono. Sikusema uongo. Waliuliza nani anajua, na mimi nilikuwa najua kwamba wewe unajua.

Kazi yenyewe ni kupaka njano vifaa vyote vinavyokaa nje: pampu, matoroli, ngazi, vibao, tela la maji, jumla arobaini. Toroli la shirika, la mkimbizi na la mwanakijiji yanafanana, na jioni yanachanganyika. Kwa hiyo mtunza ghala, Bwana Nduwayo, ametoa amri kwamba chochote cha njano ni cha shirika, kina namba, na hakipiti getini. Mlinzi wa geti, Kazimili, ana kazi moja tu, kuangalia njano. Juzi alimshikilia mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi mbivu mpaka Nduwayo alipotoka na orodha yake na kuthibitisha kwamba ndizi hazimo.

Nimeanza na toroli moja. Rangi ilitiririka ikaganda kama uji uliofurika kwenye sufuria, na kesho yake ikaanza kubanduka. Nduwayo ameniambia ana subira ya matoroli matatu. Nimebakiza mawili. Nisaidie, mjomba. Na kama unaweza, njoo uone mwenyewe.

Mpwa wako,
Renatus


Biharamulo
25 Juni 1995

Kwa mpwa wangu Renatus,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la maharage, na nadhani aliikalia njia nzima. Sisi tu wazima. Mpe pole dada yangu Marsiana kwa kifua, aendelee kunywa maji ya moto.

Huku kuna habari kubwa. Wiston anaoa. Binti anaitwa Ildefonsa, wa Mzee Bonaventura, hapo hapo kwenu Ngara, Kibimba. Siku imepangwa, Jumamosi tarehe 2 Desemba, na ng'ombe wa mahari ndiye huyo Bihogo. Nimemweleza Bonaventura kwamba ni wa kahawia mwili mzima, hana doa. Akajibu kwamba akiletewa ng'ombe tofauti na niliyemweleza, binti habanduki kwao. Huyu si mtu wa kutishia bure. Binti yake mkubwa, Eustakia, bado yupo nyumbani kwa sababu ya mbuzi aliyeletwa na sikio lililochanika. Kwa hiyo mtunzeni Bihogo kama yai.

Haya, rangi. Umenitia aibu na umenifurahisha, sijui kipi kimeanza. Miaka ishirini na sita nimepaka magreda kwenye karakana ya barabara, na hakuna hata moja lililotoa chozi la rangi. Sikiliza. Osha kitu kwanza kwa sabuni ya unga mpaka mafuta yote yatoke, kisha kikauke kabisa. Kipige msasa. Njano ni rangi mvivu, haifuniki kitu, kwa hiyo chini yake weka msingi mweupe. Usiweke ule mwekundu, utapata njano ya mgonjwa. Shika bomba umbali wa shibiri moja. Mkono uanze kutembea kabla hujabonyeza, na uendelee kutembea baada ya kuachia. Tabaka tatu nyembamba, na kila moja isubiri mwenzake akauke. Fanya kazi asubuhi, umande ukishaondoka na jua likiwa bado na adabu.

Na hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote: kitu kikishaguswa na rangi, kimalize. Fundi haachi kitu nusu.

Kuhusu upepo kuna mambo mazito, lakini karatasi imefika mwisho, na mama Wiston amekataa nisichane daftari lake la kwaya. Nitakuandikia barua ya peke yake. Kuja siwezi, mguu unanisumbua.

Mjomba wako,
Emilian


Biharamulo
2 Julai 1995

Renatus,

Salamu kwa wote. Nimepata karatasi.

Upepo. Ukiwa mkali, usipulize kabisa, kaa chini unywe chai. Ukiwa mdogo, simama wewe upande unakotokea, na hakikisha upande unakoelekea hakuna kitu unachokipenda. Nilijifunza hilo siku niliyopaka greda moja na kanzu mbili za mapadre waliokuwa wakipita zao. Walinisamehe, lakini hawakuacha kunitazama.

Soma barua hii kabla hujawasha mashine tena.

Emilian


Mabawe
20 Julai 1995

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakusalimu, maharage yamevunwa. Hongera kwa Wiston. Mwambie nimefurahi sana.

Kanuni zako zimefanya kazi mpaka nimeogopa. Pampu zote zinang'aa. Nduwayo alipitisha kidole, akakinusa, akaenda zake bila kusema neno, na hapa yadini hiyo ndiyo sifa ya juu. Ile barua ya upepo bado sijaipata, lakini usiharakishe.

Nina swali moja dogo la kitaalamu. Tuseme rangi hii ya mafuta, tabaka tatu, imeingia kwa bahati mbaya kwenye kitu chenye manyoya. Tuseme ngozi ya kukalia. Inatolewa na nini? Na inachukua muda gani, kwa mfano kuanzia Julai mpaka Desemba mosi?

Karibu sana uje uone kazi. Ningependa uione.

Mpwa wako,
Renatus


Biharamulo
6 Agosti 1995

Renatus,

Marahaba. Huku tu wazima, mahindi yamepanda bei, Wiston amenunua viatu vya harusi na anavivaa ndani ya nyumba kuvizoeza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia mama, umeniandikia maharage, umeniandikia pampu. Hukuniandikia Bihogo. Kila barua yako tangu niwaachie ng'ombe huyo huwa ina habari zake, hata ile ya msiba wa bibi yako ilikuwa nazo.

Manyoya hayapakwi rangi, kwa hiyo sijui inatolewa na nini. Ngozi ya kukalia nyumbani kwa Marsiana siikumbuki. Nijibu kwa sentensi moja: Bihogo yukoje?

Mguu bado.

Emilian


Mabawe
14 Agosti 1995

Mjomba,

Shikamoo. Ni wa njano.

Hiyo ndiyo sentensi moja uliyoitaka. Zilizobaki naziandika kwa sababu zinanikaba.

Barua yako ya upepo imenifikia tarehe 11 Agosti. Lori lilikatika ekseli likakaa porini mwezi mzima, na barua ikakaa nalo. Ingefika kwa wakati wake, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Ndani ya yadi kuna tangi linalovuja, na chini yake majani yamefika magotini wakati kijiji kizima ni vumbi. Nilikubaliana na Kazimili kwamba Bihogo aingie kula, naye apate maziwa. Ndiyo siri ya kunenepa kwake. Tarehe 13 Julai nilipanga pampu tisa za mwisho nikaanza kupuliza. Upepo ukashuka kutoka milimani. Nilipogeuka, ubavu wote wa kushoto wa Bihogo ulikuwa njano.

Nikatoa barua yako mfukoni nipate msaada. Ikaniambia: kitu kikishaguswa na rangi, kimalize.

Nilimmaliza. Nilimwosha kwa sabuni ya unga kwanza. Tabaka tatu nyembamba, shibiri moja, kila moja nikisubiri ikauke. Pembe nilizipiga msasa na kuziwekea msingi mweupe. Yeye hakujali, alikuwa anakula. Kusema kweli, mbali na jambo lenyewe, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kesho yake asubuhi Nduwayo alipita kuhesabu njano zake. Zilipaswa kuwa arobaini. Akapata arobaini na moja. Akanipongeza kwa kupata kifaa kilichokuwa kimesahaulika, akaleta kibati cha kuchapia namba, akamchapa 41 pajani. Nilimuuliza kama haoni kwamba huyu ni ng'ombe. Akanijibu kwamba kazi yake ni kujua rangi, mengine ni ya makao makuu. Kwenye orodha ameandika: "Kifaa cha nje, miguu minne, hali nzuri."

Jioni nikataka kutoka naye. Kazimili akainua mkono.

"Kazimili," nikamwambia, "huyu si unamjua? Si unakunywa maziwa yake?"

"Namjua sana," akasema. "Lakini ni wa njano."

Mwezi mzima sasa Bihogo analala yadini, kati ya tela na jenereta. Nilikuficha kwa sababu ya tarehe 2 Desemba. Mama naye aliogopa kukuambia. Nisamehe.

Renatus


Biharamulo
30 Agosti 1995

Renatus,

Siku nne za mwanzo sikuongea na mtu. Mama Wiston alidhani nimefiwa, akaanza kupokea majirani.

Usithubutu kumpaka tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, itamchoma ngozi. Nenda kwa huyo Nduwayo ukamwambie ukweli wote, mtu mzima kwa mtu mzima. Hakuna binadamu anayeweza kumkatalia mwenzake kwamba ng'ombe ni ng'ombe.

Hasira ninayo, na itakuwepo mpaka nife. Lakini nimekuwa nikijaribu kukumbuka kama kwenye barua ile niliandika mahali popote neno chuma. Mama Wiston anasema sijawahi kuandika jambo ambalo kwangu liko wazi. Basi nusu ya kosa ni langu, na hiyo nusu ndiyo inayoniuma.

Bonaventura ameuliza habari za ng'ombe. Nimemjibu kwamba yuko mahali penye uzio na mlinzi.

Emilian


Mabawe
21 Septemba 1995

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi, kifua cha mama kimeanza tena, nimempeleka akapata dawa. Mvua zimerudi.

Nilimwambia Nduwayo ukweli wote. Alinisikiliza vizuri, akaniamini, na akanisikitikia. Alisema hata yeye kwa moyo wake anaona kwamba ni ng'ombe. Lakini orodha imeshapigwa taipu na kupelekwa makao makuu, na kitu kilichokwisha kupigwa taipu hakifutwi. Nilipokaa nikalia, alinifungulia daftari la kanuni. Kuna njia moja tu. Kifaa kikibanduka rangi mara mbili, huandikwa chakavu na kutupwa nje ya uzio, na mwenye shida nacho huokota.

Mara ya kwanza imeshatimia, maana Bihogo anapukutika manyoya tangu mvua zianze na kahawia inachungulia mgongoni. Nduwayo ameandika "imebanduka" na kuniamuru nipake upya mwanzoni mwa Novemba. Nikipaka vizuri, atabaki humo mpaka wakimbizi warudi kwao. Nikipaka vibaya, anatoka. Ila fundi ambaye kifaa chake kimebanduka mara mbili hufukuzwa siku hiyo hiyo, hilo nalo limo daftarini.

Mama nimemweleza, kwa kuwa mshahara huu ndio dawa yake. Amesema kazi itapatikana, lakini Wiston akimkosa Ildefonsa hatapata mwingine, sote tunamjua.

Basi naomba unifundishe kupaka rangi ambayo siku ya kwanza itampendeza Nduwayo na baada ya wiki itadondoka yote. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Najua ninachokuomba.

Renatus


Biharamulo
8 Oktoba 1995

Renatus,

Marahaba. Wazima.

Katika miaka ishirini na sita wamekuja kwangu watu wengi kuniuliza jinsi ya kupaka vizuri. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza jinsi ya kupaka vibaya. Nimetoka nje nikazunguka nyumba. Mama Wiston amenifuata akaniambia kwa upole kwamba mwana ni mmoja na rangi ni nyingi. Kisha akachana mwenyewe ukurasa wa daftari la kwaya akanipa. Basi ninaandika, na mkono haupendi.

Usimwoshe. Mpake samli mwili mzima, nyingi, mpaka ateleze. Hiyo pia italinda ngozi yake, ambalo ndilo jema pekee katika barua hii. Usiweke msingi. Subiri saa sita mchana, jua likiwa kali kabisa. Sogeza bomba karibu kuliko shibiri, simamisha mkono mahali pamoja, na upige tabaka moja nene. Mungu anisamehe. Juu itakauka haraka na kung'aa, Nduwayo ataipenda. Chini haitashika kitu. Baada ya siku sita au saba akijikuna kwenye mti mmoja, itatoka kama ganda la yai.

Usimwambie mtu yeyote kwamba umefundishwa na mimi. Wakikuuliza, sema ulijifunza mwenyewe.

Emilian


Mabawe
19 Novemba 1995

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama ana nafuu na anakusalimu kwa furaha.

Nilipaka tarehe 3, saa sita juu ya alama. Nduwayo alisimama mbali akasema haijawahi kung'aa hivi. Tarehe 10 mchana Bihogo alijikuna kwenye nguzo ya tangi, na rangi ikashuka ubavu mzima kwa mara moja, ikabaki chini kama kanzu iliyovuliwa. Kazimili aliinua bunduki, sijui alitaka kumpiga nani.

Nduwayo aliandika "chakavu". Watu wanne wakamsukuma Bihogo nje ya geti, na mmoja wao akaenda kuzungushia chaki mahali alipotupwa. Nikamwokota. Dakika hiyo hiyo Nduwayo akanikabidhi barua yangu ya kufukuzwa. Imeandikwa kwamba rangi yangu haishiki. Amenisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono muda mrefu. Ni mtu mzuri.

Kazi iliniuma, sitakuficha. Nilikuwa nimeanza kuijua.

Mjomba, kuna jambo moja limebaki. Pembe. Hizo nilizipaka Julai kwa kanuni zako, na msingi mweupe chini, na sijui nilizipakaje. Nimekwangua kwa kisu, kwa mchanga, kwa kigae, mpaka nimeogopa kuziharibu. Hazitoki. Manyoya ya Julai yamepukutika yote na mwili umerudi kahawia mtupu, pembe ni njano kama mpya.

Nitamswaga mpaka Kibimba na kumwacha kwa Adventina, rafiki wa mama, tarehe 30, mumchukulie hapo. Mimi nitarudi nyumbani. Naona haya kusimama mbele yako siku hiyo.

Renatus


Biharamulo
5 Desemba 1995

Kwa Renatus,

Marahaba, na msalimie sana dada yangu. Nilikutafuta Kibimba hata jikoni, nikijua ulishasema huji.

Kabla ya habari za Jumamosi, nikuambie jambo. Uliniomba nije nione kazi yako, nikakuambia mguu. Mguu hauna kitu. Kutoka hapa mpaka Ngara ningeweza kuja hata kwa baiskeli. Uliponiandikia kwamba pampu zinang'aa nilifurahi, halafu nikaona wivu wa mtu mzima, nikaogopa nikifika nitakuta mtu aliyejifunza kwa karatasi mbili amenipita mimi niliyejifunza kwa kupigwa makofi. Hiyo ndiyo sababu, na sikuipenda nilipoiona.

Haya. Tulimchukua Bihogo kwa Adventina asubuhi. Mama Wiston alileta wazo la kumfunga pembe kwa vitenge, Wiston akakataa, akasema baba mkwe atafungua tu. Tukaenda hivyo hivyo. Wiston alikuwa anatembea kama mtu anayepelekwa mahakamani, na viatu vilikuwa vimeanza kumbana.

Bonaventura alimzunguka ng'ombe mara mbili. Mwili, hakuna doa. Kisha akasimama mbele ya pembe. Eustakia alikuwa mlangoni, na nilimwona Ildefonsa nyuma yake ameshika shuka kwa mikono miwili. Mzee akashika pembe moja. Akaisugua kwa kidole gumba. Akatema mate akasugua tena. Akakwaruza kwa ukucha, akainama akatazama kwa chini, mahali ambapo fundi mvivu huacha machozi ya rangi. Nikajua anatafuta kosa. Nami nilikuwa nimeshatazama hapo kwa Adventina, mara tano, nikitafuta kosa hilo hilo.

"Ulisema wa kahawia," akasema.

"Nilisema mwili," nikajibu.

Akaishika pembe tena. "Nani amepaka hizi?"

Renatus, pale kila mtu ananijua mimi ni fundi rangi. Ningesema ni mimi, wote wangeamini, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikasema, "Mpwa wangu, Renatus, wa Mabawe." Nikalisema kwa sauti, wale wa jikoni nao wasikie.

Bonaventura akapokea kamba, akampa mkewe. Vigelegele vilipopungua akanisogelea akaniuliza kama fundi huyo ana nafasi siku hizi, kwa kuwa ana ng'ombe sita na anaona pembe za huyu sasa zitafanya za wengine zionekane chafu.

Nikamwambia nafasi anayo, na ni mimi niliyempatia kwa barua ya samli.

Mjomba wako,
Emilian